Mguu wa Bandia na Vilima vya Kasulu

Tangu mwaka 1981 chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikiwafunza mafundi wa viungo bandia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika, na hiyo ni fahari isiyo na shaka; walakini kuunda mguu ni jambo moja, na kudadisi kwa nini mguu huo huo, uliomfaa mtu wa bondeni, huenda ukamwelemea mkulima apandaye vilima vya Kasulu, mkoani Kigoma, katika utelezi wa mvua, au mkimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, ni jambo jingine kabisa. Swali hilo halijibiwi kwa kufasiri vitabu vya Ulaya. Lataka mhadhiri kijana wa chuo hicho apunguziwe vipindi, apewe mlezi aliyebobea katika ilimu ya utengamao, afundishwe kupima, kuhesabu na kuandika, kisha apelekwe Kibondo, mkoani humo humo, akae miezi, wala si siku mbili za posho. Fauka ya hayo ajifunze Kiha, lugha ya wenyeji wa huko, walau maamkizi yake, madhali mgonjwa asiyeamkiwa aghalabu huitikia “ndiyo” kwa kila aulizwalo, na daftari la mtafiti likajaa majibu ya adabu tu.