Jicho la Mtoto Likivimba

Leo nataka kusema nanyi habari ya mtoto anayeamka kope zimemvimba, nyekundu, zina moto. Wengi husema, "Ni mdudu tu amemuuma." Huenda ni kweli, au ni chokea. Lakini, mama, nawa mikono, fungua kope zile polepole, ulitazame jicho lenyewe. Pitisha kidole mbele yake, akifuate bila kugeuza kichwa.

Weupe wa jicho ukiwa safi, nalo lageuka kila upande bila maumivu, ugonjwa uko nje, katika ngozi. Hata hivyo mpeleke zahanati siku ile ile; akipewa dawa ya kuua vijidudu, aimalize yote ajapoona nafuu.

Bali jicho likitokeza, likiuma kugeuka, likiona hafifu, au kope zisipofunguka kabisa, yafaa kuogopa: pengine ugonjwa umekwisha kuingia nyuma ya jicho. Mara nyingi huanzia katika mafua, kwa kuwa mfupa kati ya pua na jicho ni mwembamba kama karatasi. Kutoka Mhunze hata Shinyanga mjini ni safari, najua. Lakini asilale nyumbani hata usiku mmoja. Jicho laweza kupofuka, na vijidudu kupanda ubongoni. Hospitalini atapigwa sindano za mshipa, na usaha ukiwapo, huenda akapasuliwa. Pengine atapelekwa Bugando, Mwanza. Na yule mzee mwenye maji ya majani ya kutia jichoni, mwamkieni kwa heshima, mkapite.