Drili ya Rafiki Yako Bado Iko Chini ya Kitanda?



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu, nawauliza swali moja tu. Je, kuna kitu cha mtu nyumbani kwako? Nyundo, spana, jeki, pasi, sufuria la pilau? Fikiria kidogo kabla hujasema hapana.

Suratul Maa'un tuliihifadhi chuoni tukiwa wadogo. Aya yake ya 7, ndiyo ya mwisho, inawalaumu wanaonyima vyombo vya kusaidiana, na wafasiri wametaja ndoo, chungu na shoka. Kwa hivyo kuazimana ni jambo la dini. Lakini wengine wetu tumeishika aya hii kama fimbo ya kumchapia mwenye chombo. Akisita kidogo tu, eti ni bakhili!

Sasa tazama yanayotokea. Unachukua drili ya rafiki yako fundi. "Nakurudishia jioni, bwana." Jioni inakuwa wiki. Shemeji yako naye anaitaka, unampa bila kuuliza. Inarudi imeungua, nawe unasema, "Ilikuwa hivyo hivyo." Yule fundi analipwa kwa siku. Siku asiyokuwa na drili hana kazi, na watoto wake wanangoja futari. Anaona haya kukudai kwa sababu ni rafiki. Usidhani kunyamaza kwake ni kusamehe. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mambo yako wazi. Chombo kikichakaa kwa matumizi uliyoruhusiwa, hulipi. Kikipotea au kikiharibika kwa njia nyengine, unalipa, hata kama hukukusudia. Kumpa mtu mwengine bila idhini huna ruhusa. Na kukirudisha ni juu yako wewe, si yeye aje kukifuata.

Mwaka wa 8 Hijria, kabla ya vita vya Hunayn, Mtume (S.A.W.) alimwazima deraya Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu. Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Mtume akamjibu kuwa ni azima yenye dhamana. Baadhi zilipopotea, Mtume alikuwa tayari kumlipa. Na Makka ilikuwa imeshafunguliwa, nguvu ziko kwa Waislamu! Je, wewe na rafiki unayesimama naye safu moja?

Nawe mwenye chombo, usikae na kinyongo moyoni. Taja siku: "Naitaka Alhamisi asubuhi, nina kazi." Huo si ubakhili, unamsaidia mwenzako asiingie katika dhulma. Na kama ndicho unachokulia, mwambie, "Sikupi drili, lakini nitakuja nikutobolee ukuta mwenyewe." Hapo umesaidia na riziki yako imebaki salama.

Ndugu zangu, mchana wa Ramadhan tunajizuia na chakula chetu wenyewe, cha halali. Vipi basi tushindwe kujizuia na mali ya mtu? Kabla mwezi wa Iddi haujaandama, angalia chini ya kitanda. Kilicho kizima kirudishe. Kilichovunjika mwambie mwenyewe, ukilipe japo kidogo kidogo.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.