*TAARIFA YA TAWI: DARAJA LA HATARI SI TUSI KWA MWENYE BWAWA*

(Maneno ya Katibu katika mkutano wa tawi, Matombo. Tunayatuma kwa ambao hawakufika.)



Tumekuja na jambo moja, bwawa la mzee wetu kule juu. Maneno yamekuwa mengi mitaani. Wapo wanaosema tawi linataka kumfilisi. Wengine wanasema tumenyamaza kwa sababu alitupa mabati ya ofisi. Mabati alitoa, tunamshukuru, na risiti yake ipo kwenye faili. Lakini mabati hayazuii maji.

Ubishi wenyewe ulianza kwenye neno "hatari kubwa". Mzee alilisikia akaona ametukanwa, kwamba tuta lake ni bovu. Ndugu zangu, sivyo. Daraja la hatari la bwawa halisemi tuta ni zima au ni bovu. Linauliza swali moja: tuta hili likiondoka usiku wa leo, maji yatamkuta nani? Kama yatakuta pori, hatari ni ndogo. Yakikuta mashamba na barabara, hatari inapanda. Yakikuta watu wamelala, hatari ni kubwa, hata kama tuta limejengwa vizuri kuliko yote mkoani. Na daraja likipanda, ukaguzi nao lazima uwe wa karibu zaidi. Hiyo ndiyo maana yake.

Kwa hiyo tusidanganywe na neno "bwawa dogo". Tufanye hesabu. Chukua bwawa la mita 80 kwa 50, kina cha wastani mita 2. Hizo ni mita za ujazo 8,000. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Ni tani 8,000, sawa na malori 800 ya tani kumi kumi, yanashuka mlima bila breki. Na milima yetu tunaijua ilivyosimama.

Tuta hili lilipojengwa, huko chini palikuwa na migomba na kibanda cha mlinzi. Wiki iliyopita tulishuka na mkondo kwa miguu tukahesabu nyumba 11, na njia wanayopita watoto wetu kwenda shule. Tuta halijasogea hata hatua moja. Sisi ndio tuliosogea. Bwawa lililokuwa la hatari ndogo linaweza kupanda daraja bila mwenyewe kugusa jembe.

Mfano upo kwa majirani zetu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Kaunti ya Nakuru, Kenya, tuta la bwawa la udongo katika shamba la mtu binafsi lilibomoka wakati wa masika. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao watoto na kina mama. Baadaye ilielezwa kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Kesi zilifunguliwa, lakini kesi haimrudishi mtoto.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inagusa usalama wa mabwawa, na kanuni zake zilitoka mwaka 2013. Bwawa la mtu binafsi halikusamehewa, na wajibu wa usalama ni wa mwenye bwawa. Kuruhusiwa kutumia maji peke yake si ushahidi kwamba tuta limekaguliwa. Sisi viongozi wa tawi si wahandisi. Hatuna mamlaka ya kutoa daraja wala kuamuru bwawa lifungwe. Tunachoweza ni kupeleka jambo panapohusika.

Kwa hiyo tumeazimia haya:

1. Tumeiomba Serikali ya Kijiji iandike barua kwa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro mjini, ili mtaalamu aje akague tuta na kutoa daraja. Orodha ya zile nyumba 11 itaambatanishwa.

2. Tumemwomba mzee apunguze maji kabla ya masika, na afungue utoro, yaani ile njia ya kutolea maji ya ziada, ambayo sasa imejaa magugu. Tuta la udongo maji yakilipanda juu, linaliwa. Amekubali. Wanaomwagilia bustani kwa maji yake tukasaidie kufyeka. Tunakula naye, tufanye kazi naye.

3. Mabalozi wa mashina ya chini waangalie tuta kila baada ya mvua kubwa. Maji yanayovuja yakiwa ya tope, yanatoka na udongo wa ndani ya tuta. Ufa mpya, sehemu iliyotitia, shimo la panya: usisubiri kikao. Amsha watu wapande juu, kisha mpigie Mwenyekiti wa Kijiji.

4. Kuanzia sasa, asijenge mtu mwingine kwenye mkondo ule. Hili ni letu sisi, si la mzee.

Mwisho. Katika hesabu, mali na deni huandikwa kwenye daftari moja. Bwawa lile ni mali ya mzee wetu, na mboga zake tunazila. Lakini deni lake wamebeba wanaolala chini ya tuta, na hakuna aliyewauliza. Tunachoomba ni daftari lifunguliwe mbele ya wote, kabla mvua haijalifungua yenyewe.



*Imetolewa na Katibu wa Tawi. Wasomeeni na wazee wasio na simu.*