Sumu Isiyoonekana Katika Mahindi

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wa Bondeni, Mombasa.



 Jambo nililokuja kuwaeleza lahusu gunia la mahindi lililo pembeni mwa jiko. Sisi wa kisiwani si wakulima wa mahindi. Twayanunua Markiti na Kongowea, na mengi hutoka bara. Kwa hiyo huenda mtu akadhani kwamba kuharibika kwa mahindi ni shauri la mkulima peke yake. Sivyo. Gunia lililotoka shamba likiwa zuri laweza kuharibikia nyumbani kwetu, kwani hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika.

Unyevu ukizidi, nafaka huota kuvu. Iko kuvu moja ya rangi ya kijani na manjano, ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus. Hiyo hufanya sumu iitwayo aflatoksini; ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri la sumukuvu. Kuvu yenyewe mara nyingi huonekana, lakini sumu yake haionekani kwa macho, wala haijulikani kwa ladha. Na kubwa zaidi ni hili: moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ulioiva vizuri, au karanga zilizokaangwa zikanukia, zaweza kuwa na sumu hiyo ndani yake.

Sumu hii ilianza kujulikana mwaka 1960, walipokufa batamzinga zaidi ya 100,000 katika Uingereza. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba ndege hao walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Hapa Kenya tulifundishwa kwa msiba. Mwaka 2004, katika Ukambani na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani yakiwa bado na unyevu.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Lakini mtu alaye kidogo kidogo miaka mingi pia hudhurika, kwani sumu hiyo huleta saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mwenye ugonjwa wa ini wa aina ya B. Ndiyo sababu kipimo cha juu kinachokubaliwa Kenya ni sehemu 10 tu katika kila sehemu milioni 1,000. Maana yake ni gramu 10 katika magunia zaidi ya 11,000 ya kilo 90.

Basi dawa ni nini? Wataalamu wametafuta njia mbili zipasazo kujulikana.

Njia ya kwanza ni ya shambani. Imegunduliwa kwamba si kila kuvu ya jamii hii ifanyayo sumu. Ziko nyingine zisizodhuru. Wataalamu wamezichagua hizo njema kutoka katika udongo wa nchi yetu, wakazipaka juu ya punje za mtama uliouawa kwa joto usipate kuota. Mkulima huzinyunyiza shambani majuma machache kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu njema huenea kwanza, na ile mbaya ikija huona mkeka umekwisha jaa. Dawa hiyo huitwa Aflasafe, nayo hutengenezwa Katumani, karibu na Machakos.

Njia ya pili ni ya ghalani. Ni gunia la tabaka tatu: la nje limefumwa, na mawili ya ndani ni ya plastiki nene iitwayo polithini, ambayo hupitisha hewa kwa shida sana. Mdomo ukifungwa barabara, wadudu waliomo humaliza hewa iliyo ndani, kisha hufa bila dawa yoyote. Faida yake ni kubwa, kwa sababu tundu la mdudu ndilo mlango wa kuvu. Lakini gunia hili halikaushi nafaka. Ukitia mahindi mabichi, umefungia uharibifu ndani.

Mtajuaje kama mahindi ni makavu? Twaeni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, na chumvi iliyokaushwa juani, kwani chumvi ya pwani hupata maji upesi. Tieni mahindi hata thuluthi ya chupa, pamoja na vijiko vichache vya chumvi. Tikiseni kwa dakika moja, kisha iacheni kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yarudisheni juani. Isipoganda, yafaa kuwekwa. Lakini fahamuni kwamba chumvi hupima unyevu tu, haipimi sumu.

Wako wasemao, "Yakioza nitampa ng'ombe." Ndugu zangu, sumu aliyokula ng'ombe hutokea katika maziwa, na maziwa hayo hurudi katika chai ya watoto wetu. Wengine huyatupia kuku. Tumekwisha sikia habari za batamzinga.

Najua kwamba mahindi mabovu huuzwa rahisi, na kwamba mama mwenye kipato kidogo na watoto wengi hawezi kuidharau senti. Simlaumu. Ila namwomba achambue kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, aitupe mbali; kwa kufanya hivyo atapunguza sehemu kubwa ya hatari. Wenye maduka nao nawaomba wasiweke magunia juu ya sakafu tupu wala kuyaegemeza ukutani, bali wayaweke juu ya mbao. Wazee wetu walipoweka nafaka ucagani juu ya moshi wa jiko hawakujua jina la sumu hii, lakini walijua kwamba chakula hutaka ukavu.

Kinga ya jambo hili haihitaji mali nyingi. Yataka jua, chupa, chumvi na uangalifu.