Nyuma ya Pazia

Leo nitawaeleza habari za Joan Winmill, mwigizaji wa London. Katika miaka ya 1940 aliigiza mchezo uitwao The Chiltern Hundreds, na watu walimpigia makofi. Lakini nyuma ya pazia binti huyu aliishi na hofu. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa mtoto mdogo, na kifo kile hakikumtoka moyoni. Alifika mahali pa kutaka kujiua.

Mwaka wa 1954 Billy Graham alihubiri kwa majuma 12 katika ukumbi wa Harringay. (Ndiye yule aliyefika Kisumu mwaka wa 1960; labda babu yako alikuwako.) Joan alikwenda kumsikiliza, akampokea Kristo. Mwaka uo huo aliigiza katika filamu ya Kikristo, Souls in Conflict. Nalitaja hili kwa kuwa wako wanaofundisha kwamba kuigiza ni dhambi, na mtoto akichaguliwa kwenda tamasha la maigizo la shule humtazama kwa jicho baya. Mimi sikubaliani nao.

Baadaye aliolewa na Bill Brown, akashika kalamu. Alikusanya maneno ya Graham yawe kitabu cha ibada ya kila siku, 1976. Akaandika juu ya Corrie ten Boom, 1979. Aliyezoea kutazamwa sasa aliwashikia wengine taa. Lakini kabla ya hivyo, mwaka wa 1975, alitoa No Longer Alone, na humo aliieleza hofu yake waziwazi.

Hapo ndipo naguswa. Kwetu, dada akisema kanisani kwamba halali usiku kwa hofu, huambiwa hana imani. Basi hunyamaza. Huimba katika kwaya, huwapikia wageni chai, hucheka na wenzake, na hakuna ajuaye.

Wazee wa kanisa, mtu akiwajia na neno kama hilo, mkalisheni. Msimkemee. Mwulizeni kama amekula, na ni nani aliye naye nyumbani. Ombeni pamoja naye, kisha mpelekeni hospitali. Daktari na maombi havigombani. Nawe unayenisikia ukiwa umefunga mlango, ufungue, umwendee jirani au kasisi wako leo, kabla jua halijatua.