Somo Nililoliruka

(Hotuba ya mwanachama mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya somo la Historia, nami naanza na kosa langu. Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha huku Kibondo. Kijana wa kidato cha pili akanyosha mkono: "Mwalimu, kwa nini Warundi wanakimbilia kwetu?" Nikamjibu kwamba hilo halimo katika mtihani, nikaendelea na Bismarck. Barabarani watu walikuwa wanapita na mikeka kichwani.

Najibu sasa, ingawa nimechelewa. Mwezi Aprili 1972 yalitokea maasi kusini mwa Burundi, na waasi wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Micombero ikalipiza kwa kuua Wahutu, zaidi ya laki moja kwa makadirio mengi. Waliotafutwa kwanza ni waliosoma: walimu, makarani, hata wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Vijana, sikilizeni hapo. Kusoma tu kulitosha kumponza mtu. Walionusurika wakavuka, wengi wakapelekwa Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo. Kisha tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa. Safari hiyo Watutsi vijijini wakauawa na majirani zao, na jeshi nalo likaua Wahutu. Ndipo zikaja kambi mnazozijua, Nduta na Kanembwa huku Kibondo, Mtabila kule Kasulu.

Mwalimu atakayesimulia mwaka mmoja na kuuacha mwingine atawagawa watoto darasani.

Wapo wasemao tuwaachie Warundi mambo yao. Lakini Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani, na madarasani mwetu wamo wenye bibi waliozaliwa ng'ambo. Tena Buha nako watawala walikuwa Watutsi, pale Heru na Muhambwe, hadi uchifu ulipofutwa mwaka 1963. Kwa nini huku hatukuchinjana? Mwulizeni mwanafunzi swali hilo, mmtume kwa wazee wake, arudi na majibu. Mimi ninayo yangu, ila leo nayabana.

Ndugu Mwenyekiti, naomba chama kinunue daftari moja kubwa likae maktaba, na wazee waliopokea wageni mwaka 1972 waitwe, maneno yao yaandikwe kabla hatujawazika.

Yule kijana wa kidato cha pili yumo humu ukumbini, ana mvi sasa. Ndugu yangu, uliuliza vizuri.