Soma Kopo Kabla Hujapaka

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Handeni na Korogwe

Natumaini mmekwisha kukaa, redio imewekwa mahali pa kusikika vizuri, na mwenye zamu ya ubao ameshika chaki yake. Ninyi mlio Chanika, Mkata na Kabuku, na ninyi mlio Manundu, Mombo na Magoma, karibuni nyote.

Somo letu la leo ni juu ya mafuta na vipodozi anavyopaka mama mwenye mimba. Najua yuko baba mmoja hapo nyuma anayesema moyoni, "Hilo ni somo la wanawake, afadhali nikatazame mbuzi wangu." Kaa, baba. Somo hili ni lako pia, na sababu yake utaisikia.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, mwezi wa tano, uso wangu ulianza kubadilika. Madoa meusi yalitokea mashavuni na kwenye paji la uso, na mstari mweusi ukashuka kutoka kitovuni. Watu wakaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Mume wangu hakusema neno, lakini alinitazama sana. Basi siku ya gulio nikanunua kopo dogo la krimu kwa mchuuzi mmoja. Aliniambia, "Wiki mbili tu, dada, utakuwa kama zamani." Nikalipa, nikalitia kopo mkobani, nikaenda kufundisha darasa la jioni.

Jioni ile tulikuwa tukisoma maandishi ya vitu vya nyumbani: pakiti ya chumvi, mfuko wa mbolea, kiberiti. Mama mmoja, aliyekuwa amejua kusoma kwa miezi minne tu, aliomba kitu kingine. Nikampa lile kopo. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo yeye alitaja herufi, nami nikafasiri maneno. Tukafika mahali palipoandikwa kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha. Mama yule akaliweka kopo mezani. Akasema, "Mwalimu, hii ina zebaki. Mume wangu anachimba dhahabu. Kabla ya kushika zebaki huvua pete kwanza, maana zebaki huila dhahabu."

Wasikilizaji, mimi nina stashahada ya chuo kikuu, na nilikuwa nimenunua kopo bila kulisoma. Aliyenisaidia kulisoma ni mwanafunzi wangu. Kopo lile sikulipeleka kupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa lilikuwa na nini ndani. Lakini sikulipaka hata siku moja.

Kwa nini uso wa mama mjamzito huwa mweusi?

Mwili wa mama anapokuwa na mimba hutengeneza vichocheo vingi kuliko kawaida. Vichocheo hivyo huiamsha ngozi itoe rangi nyingi, na jua huongeza. Ndiyo maana madoa hutokea zaidi usoni. Huu si ugonjwa, wala si dalili ya uchawi, wala haionyeshi kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Kwa akina mama wengi madoa hupungua yenyewe katika miezi inayofuata baada ya kujifungua. Basi shikeni neno hili: weusi wa mimba ni mgeni, mara nyingi huondoka wenyewe. Lakini sumu inayotumiwa kuufukuza yaweza kuacha madhara yasiyoondoka.

Sumu ya kwanza: zebaki

Watu wa Handeni mnaijua zebaki. Ni ile madini ya maji, inayong'aa na kuteleza, ambayo wachimbaji wadogo huchanganya na mchanga wenye dhahabu. Zebaki hushikana na dhahabu, nao huichoma ili dhahabu ibaki. Katika krimu na sabuni za kujichubua huwezi kuiona ikiteleza, kwa sababu imetiwa kama chumvi na kuchanganywa na mafuta. Kazi yake ni kuizuia ngozi isitengeneze rangi. Lakini haibaki juu ya ngozi. Hupenya, huingia katika damu, na damu huipeleka kwenye figo.

Figo ndizo chujio la mwili. Zebaki huharibu chujio hilo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Mama mwenye mimba anazihitaji figo zake kuliko mtu mwingine, kwa kuwa zinasafisha damu kwa ajili ya watu wawili. Tena zebaki yaweza kupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni, na baadaye yaweza kumfikia kwa njia ya maziwa. Hata watoto wengine nyumbani huweza kuipata kwa kubebwa na mama aliyejipaka, au kwa kutumia taulo yake.

Dunia ilijifunza kwa uchungu kwamba zebaki humfuata mtoto tumboni. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kimoja kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Watu wakala samaki. Ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956. Walikuwako akina mama walioonekana wazima, au walioumwa kidogo tu, wakazaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Zebaki ya samaki wale ilikuwa ya aina nyingine, kali zaidi kwa ubongo kuliko ile ya krimu, na haifai tuzichanganye. Lakini somo ni moja: afya ya mama isikudanganye ukadhani mtoto hakuguswa.

Kwa jina la mji ule mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013. Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba mwisho wa vipodozi vyote vyenye zebaki uwe mwaka 2025.

Sumu nyingine na mkorogo

Ya pili ni hidrokwinoni. Hii nayo huondoa rangi ya ngozi, nayo hupenya kwa wingi sana kuingia mwilini. Kwa sababu hiyo waganga hushauri mama mjamzito aiepuke kabisa. Tena ina kejeli yake: mtu akiitumia miaka mingi, ngozi huweza kugeuka ya bluu-nyeusi, na rangi hiyo ni ngumu sana kuondoka.

Ya tatu ni dawa kali za ngozi zinazoitwa steroidi, kama vile klobetasoli. Hizi ni dawa za kweli, mganga huzitoa kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Anayezipaka mwili mzima kila siku huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Shinikizo la damu laweza kupanda na sukari pia. Akifanyiwa upasuaji wakati wa kujifungua, kidonda huchelewa kupona na nyuzi hazishiki vizuri. Tena matumizi makubwa ya zile kali sana yamehusishwa na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo.

Sasa mkorogo ni nini? Ni mtu kuchukua tyubu hii, kopo lile na chupa ile, akazikoroga pamoja katika bakuli. Hata anayeukoroga hajui kipimo. Ukinunua mkorogo uliotiwa katika kikopo kisicho na maandishi, umenunua kitu ambacho hakuna msomaji duniani awezaye kukusomea.

Wanja na piko

Wanja mwingine wa dukani una madini ya risasi. Risasi huingia mwilini, hupita kwa mtoto, na hudhuru ubongo wake unaokua. Kama hujui wanja wako umetengenezwa kwa nini, uuache wakati wa mimba, wala usimpake mtoto mchanga machoni. Hina safi ya majani, inayotoa rangi nyekundu, si ya kuogopa. Lakini piko nyeusi mara nyingi hutengenezwa kwa rangi ya nywele, na rangi hiyo yaweza kuunguza ngozi na kuleta malengelenge. Ukimpamba bibi harusi mjamzito, tumia hina.

Basi mama apake nini?

Siji kwenu kumkataza mama asijipendeze. Mama aliyejipamba hufurahi, na furaha yake ni nzuri kwa nyumba nzima. Tumieni mafuta ya nazi yaliyokamuliwa vizuri, au mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato mengi. Ogeni kwa sabuni ya kawaida. Liwa safi, iliyosagwa nyumbani, yaweza kupakwa kama ngozi yako haiwashwi nayo. Na kwa madoa ya uso dawa ya kwanza ni kivuli: kanga kichwani au kofia pana, hasa kwenu mnaolima au kukata mkonge juani.

Mkinunua kitu cha dukani, kisomeni. Kitazameni jina la aliyekitengeneza, mahali kilipotengenezwa, tarehe ya mwisho, na vitu vilivyomo. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango Tanzania. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini huuzwa kwa kificho. Kopo likisema lisiguse dhahabu, fedha au vito, lirudishe. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, kama mama amekwisha tumia? Asione haya, wala asifiche. Krimu yenye zebaki aiache leo. Aliyezoea steroidi kwa muda mrefu aende kliniki, aeleze, ili aongozwe namna ya kuacha. Achukue kopo lenyewe amwonyeshe mkunga. Na mama yeyote anayevimba uso au mikono, au anayeona mkojo una povu, au mikono yake inatetemeka, asingojee siku ya kliniki. Aende mara moja, maana uvimbe waweza kuwa pia dalili ya kifafa cha mimba.

Sasa nawageukia ninyi akina baba. Mchuuzi hauzi kopo bila mnunuzi, na mara nyingi mama hulinunua kwa sababu ya neno au jicho la mumewe. Ukimwambia mkeo, "Siku hizi umekuwa mweusi," umemtuma dukani. Mwambie, "Huyo ni mtoto wetu, hali hii itapita." Neno hilo halina gharama. Mume wangu nilimweleza yote jioni ile ile, na tangu siku ile alinitazama kwa jicho jingine. Mtoto alizaliwa salama, na kabla hajaanza kutambaa uso wangu ulikuwa umerudi.

Wazee wenu wanakumbuka mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walivyokaa vikundi vikundi mbele ya redio kama mlivyokaa ninyi sasa. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Nanyi msiishie kusikiliza.

Maneno ya kuandika ubaoni

Haya ni maneno ya Kiingereza yanayoandikwa juu ya makopo. Yaandikeni kwa herufi kubwa, myanakili katika daftari, mkayatafute nyumbani.

MERCURY: zebaki.
HYDROQUINONE: hidrokwinoni.
CLOBETASOL: klobetasoli, dawa kali ya ngozi.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini uso wa mama mjamzito huwa na madoa, nayo hupungua lini?
2. Onyo kwamba krimu isiguse dhahabu latufundisha nini?
3. Katika kijiji chenu, nani humfanya mama atamani kujichubua? Mtasema naye namna gani?
4. Kila mmoja alete kopo moja kutoka nyumbani kwa somo lijalo. Tutayasoma pamoja.